Jim Fixx: Mkimbiaji aliyechomoa kupimwa moyo

Wadau, huyu jamaa ndiye aliyewaambukiza Wamarekani kibao ugonjwa wa jogging. Alizaliwa 1932, na kufika miaka 35 alikuwa bonge, anavuta pakiti mbili za sigara kwa siku. Akaanza mbio, akaacha fegi, akapungua kilo kama 27. Kitabu chake cha 1977 kiliuzwa nakala zaidi ya milioni!

Ila baba yake alikufa kwa moyo na miaka 43 tu. Mwishoni mwa 1983, kwenye kliniki ya Dk. Kenneth Cooper kule Dallas, akaombwa akimbie kwenye mashine huku moyo unapimwa kwa nyaya kifuani. Akachomoa, sijui kwa nini. Julai 20, 1984 akaanguka akiwa mbioni, Vermont. Maiti ilipopasuliwa, mshipa mmoja wa moyo umeziba asilimia 95, wa pili 85.