Mtoto wa Kijiji cha Hamm: Maisha ya F. W. Raiffeisen

Ndugu wanachama, katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, tumeona ni wajibu kumkumbuka mtu ambaye jina lake halitajwi sana vijijini kwetu, ingawa kazi yake twaitumia kila msimu. Naye ni Friedrich Wilhelm Raiffeisen wa Ujerumani.

Alizaliwa tarehe 30 Machi, 1818, katika kijiji cha Hamm kando ya mto Sieg, katika nchi ya vilima iitwayo Westerwald. Nchi hiyo ilikuwa ya baridi na ya udongo hafifu. Mkulima alitoka jasho jingi akavuna haba. Alikuwa mtoto wa saba kati ya tisa. Baba yake alikuwa mkulima, na kwa muda alikuwa mkuu wa kijiji; lakini nyumba ilikosa tegemeo lake mapema, mama akabeba mzigo wa malezi. Shule ya juu hakuipata. Alifundishwa na mchungaji wa pale pale kijijini.

Alipofika umri wa miaka 17 aliaga kwao akaingia jeshini. Macho yakamwugua, na mwaka 1843 akalazimika kuacha uaskari. Mwaka 1845 serikali ikamweka kuwa mkuu wa vijiji vya Weyerbusch, katika vilima vile vile alivyovijua tangu utoto.

Mwaka 1846 mavuno yakaharibika, njaa ikaingia majumbani. Unga wa serikali ulitakiwa kulipwa kwa fedha taslimu, nao wenye njaa hawakuwa nayo. Raiffeisen akawakusanya wenye uwezo wakachanga, unga ukatolewa kwa mkopo, tanuri likajengwa, na mikate ikauzwa kwa bei nafuu.

Njaa ilipopita, alibaki adui wa pili, yaani deni. Mkulima aliyekopa kwa mtoza riba ili anunue ng'ombe aliweza kupoteza ng'ombe pamoja na shamba. Nasi twajua kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Basi mwaka 1849 huko Flammersfeld, na mwaka 1854 huko Heddesdorf, alianzisha vyama vya kuwasaidia maskini. Lakini vyama hivyo vilisimama juu ya huruma ya matajiri, na huruma ilipopoa vikalegea. Raiffeisen hakuona haya kubadili njia. Mwaka 1864 alianzisha Heddesdorf chama cha akiba na mikopo ambamo mkopaji mwenyewe alikuwa mwanachama, na wote walidhamini deni la kila mmoja.

Twaona kwamba hapo ndipo malezi ya kijijini yalipomfaa. Aliyekulia kijiji kidogo hujua nani huamka mapema kwenda shamba, na nani hushinda kilabuni. Ujuzi huo ndio uliokuwa dhamana ya maskini asiye na mali ya kuweka rehani. Kwa hiyo Raiffeisen alitaka chama kisivuke eneo ambalo watu wake wanajuana, viongozi watumike bila mshahara isipokuwa mtunza hesabu, na akiba ya chama isigawanywe.

Mwaka 1865 aliacha kazi ya serikali kwa sababu ya afya yake. Macho yalikuwa yakififia, na binti yake Amalie akawa mwandishi wake. Hata hivyo mwaka 1866 alitoa kitabu juu ya vyama hivyo, na habari zikaenea nchi nyingi. Alifariki tarehe 11 Machi, 1888, akikaribia kutimiza miaka 70.

Ndugu zetu, Chama Kikuu kinapokua, majengo na mafaili huongezeka, na ni rahisi mkulima kugeuka kuwa namba tu katika daftari. Sisi tulio maofisini hapana budi twende vijijini, tukae katika mikutano ya vyama vya msingi, tumjue mwanachama na shamba lake. Nanyi wanachama msimdhamini mtu kwa kuona haya. Mdhaminini yule mnayemjua, na mkopo wake mwufuatilie kama wenu. Deni la mmoja lisipolipwa, hulipwa na wote.