Maisha ya Bi. Eglantyne Jebb, Mama Aliyelisha Watoto wa Adui



Katika kijitabu hiki cha miaka 10 mmesoma habari za hisa, mikopo na faini. Ukurasa huu tumeuweka kwa ajili ya mama mmoja ambaye hakufika kijijini kwetu na amekufa siku nyingi. Binti wa mwenzetu ndiye alitusomea habari zake kwenye kikao, maana wengi wetu tuliishia darasa la saba. Tulipomaliza kusikiliza tukasema, kumbe huyu ni mwenzetu kabisa.

Bi. Eglantyne Jebb alizaliwa Agosti 25, 1876, huko Ellesmere, Uingereza. Kwao walikuwa na uwezo, shida hakuilelewa. Alisoma Chuo Kikuu cha Oxford wakati wasichana wa kusoma hivyo walikuwa wachache. Baadaye akawa mwalimu wa shule ya msingi, lakini kazi ile ilimshinda, akaiacha. Hakuolewa wala hakuzaa. Na wanaomjua wanasema hata kucheza na watoto hakukumpendeza sana. Tunaandika hivyo ili tusimfanye malaika. Alikuwa mtu kama sisi.

Alipotoka ualimu alikaa Cambridge akachunguza maisha ya maskini wa mji ule, na mwaka 1906 akatoa kitabu juu yao. Mwaka 1913 alikwenda Makedonia kupeleka misaada kwa watu waliokimbia vita. Pia alifanya kazi na chama cha kuendeleza ushirika wa wakulima. Kwa hiyo mambo ya ushirika na daftari aliyajua kabla hajawa mashuhuri.

Ikaja Vita Kuu ya mwaka 1914. Vita vile hata huku vilifika, babu zetu walichukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo na wengi hawakurudi. Mdogo wake, Bi. Dorothy Buxton, alipata kibali cha kuingiza magazeti ya nchi za adui na kuyatafsiri, na Eglantyne akamsaidia. Humo wakasoma kwamba watoto wa Ujerumani na Austria wanakufa njaa. Vita vilisimama Novemba 1918, lakini nchi zilizoshinda ziliendelea kuzuia chakula kisiingie kule kwa miezi mingine mingi.

Basi mwaka 1919 Bi. Eglantyne alisimama uwanja wa Trafalgar, London, akigawa karatasi zenye picha ya mtoto wa Austria aliyekonda kwa njaa. Akakamatwa, kwa sababu karatasi zile hazikupitishwa na serikali. Mahakama ikamtoza faini ya paundi 5. Sasa sikilizeni ajabu: yule mwanasheria wa serikali aliyemshtaki, Bwana Archibald Bodkin, akatoa mwenyewe mfukoni paundi 5 akampa. Akina dada hawa wakaiweka kuwa sadaka ya kwanza ya mfuko wao.

Mei 19, 1919 wakaita mkutano katika ukumbi wa Royal Albert, wakauanzisha mfuko wa Save the Children. Inasemekana wengine walikuja na matunda yaliyooza wawatupie hao wanaotetea watoto wa adui. Mwisho watu walichanga.

Hapa ndipo tulipojifunza. Yeye hakwenda kujenga kila kitu upya. Fedha zilizochangwa zilitolewa kama ruzuku kwa watu waliokuwa tayari kule wanafanya kazi ya kulisha na kutibu watoto. Alisema huruma peke yake haitoshi, lazima kuwe na mpango na hesabu, kama biashara. Alilipia matangazo makubwa magazetini. Wengine walimlaumu kwamba anapoteza hela za watoto, lakini michango iliongezeka.

Mwaka 1921 Urusi ilipigwa na njaa kubwa. Mfuko ukapeleka meli ya chakula, na majiko yake yakafika kulisha watoto wapatao 300,000 kwa siku. Palikuwa na maneno tena, kwamba serikali ya kule ni mbaya. Yeye akashikilia kwamba mtoto hana serikali.

Mwaka 1923 aliandika tamko fupi la haki za mtoto, lenye mambo 5 tu. Mwaka 1924 Shirika la Mataifa likalikubali. Kutokana na mbegu hiyo, Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1989, na Tanzania ikauridhia mwaka 1991. Alifariki Geneva Desemba 17, 1928, akiwa na miaka 52, baada ya kuugua tezi ya shingo kwa muda mrefu. Akazikwa hukohuko. Alikuwa ameanza kuwafikiria watoto wa Afrika, na mwaka 1931 mkutano juu yao ulifanyika Geneva, mwenyewe hayupo tena.

Sasa kwa nini tumewaletea habari hizi? Wanachama mnakumbuka. Mwenzetu mmoja alikopa akaondoka kijijini bila kulipa, akawaacha watoto kwa bibi yao. Yule mdogo akaugua, uzito ukashuka, na bibi akaja kuomba nauli ya hospitali kutoka mfuko wa jamii. Kikao kilichafuka. Wengine walisema hatuwezi kumlipia mtoto wa mtu aliyetuibia jasho. Na hasira ile haikuwa ya bure, kwa sababu mgao wetu mwaka ule ulipungua kweli.

Tulipiga kura, nauli ikapita kwa kura mbili. Wenzetu wawili walitoka nje. Mmoja amerudi, mmoja bado, na tunamwambia humu kwamba nafasi yake ipo. Mtoto alipona, sasa yuko shule. Deni la mama yake bado liko kwenye daftari, hatukulifuta, na akirudi atalipa.

Kutokana na hilo tumeongeza kifungu katika katiba yetu: deni ni la mkopaji, mtoto hadaiwi. Na kila shilingi inayotoka mfuko wa jamii inaandikwa na kusomwa mbele ya wote, iwe ni yetu au ya mfadhili. Daftari liko wazi, karibuni mlikague.

Mungu atujalie miaka 10 mingine.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote.