Anna Potocka, bibi aliyeandika mambo ya ndani ya kasri

Leo tuache kidogo siasa, niwape stori ya Anna Potocka. Nimemsoma wiki nzima huyu mama, na bado sijui nimpende au nimnunie.

Alizaliwa miaka ya 1770 katika familia ya makabaila wa Poland. Mama yake alikuwa mpwa wa Stanisław August, mfalme wa mwisho wa nchi hiyo. Mwaka 1795, Anna akiwa bado binti, Urusi, Prussia na Austria zikamaliza kugawana nchi yao. Poland ikafutwa kwenye ramani.

Basi Desemba 1806 Napoleon alipoingia Warsaw, wengi walimpokea kama mkombozi. Anna, ambaye alishaolewa na Aleksander Potocki mwaka 1805, alikuwamo kwenye zile dhifa na dansi ambazo mimi na wewe tungeishia getini. Mwaka 1810 akawa Paris, wakati Napoleon anamuoa Marie-Louise wa Austria. Yote hayo akayaandika, tena kwa Kifaransa.

Sasa patamu ni hapa. Januari 1807, Warsaw, Napoleon alimpenda Maria Walewska, binti wa miaka 20 aliyeozwa kwa mzee. Anna anakubali kwamba Maria alikuwa mrembo kweli, lakini akili anamnyima, halafu anamcheka kwamba alikubali upesi mno. Maelezo yaliyotoka upande wa Maria yanasema vingine: wakubwa wa Poland walimsukuma, wakitumaini nchi itarudi kupitia kwake. Nchi kamili haikurudi. Mwaka huohuo Napoleon aliunda dola ndogo tu ya Warsaw, nayo haikudumu baada ya yeye kuanguka.

Tukio moja, hadithi mbili. Tumwamini nani? Mimi naona Anna ni shahidi mzuri wa sebuleni, siyo wa moyoni. Akieleza alichokiona kwa macho, msikilize. Akieleza nia ya mwenzake, kumbuka umbea ulikuwepo hata kwenye makasri.

Anna alifariki Paris mwaka 1867, kumbukumbu zake zikachapishwa 1897. Maria alishakufa tangu 1817, hakuwa na nafasi ya kumjibu. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Haya wadau, nyie mngemwamini nani?