Ludwig Bockholt na Merikebu ya Angani

Ludwig Bockholt alikuwa ofisa wa manowari za Wadachi. Mwezi wa Novemba 1917, jeshi lao la Afrika ya Mashariki lilikuwa limesukumwa kusini, karibu na mto Ruvuma, nalo lilipungukiwa na risasi na dawa. Bahari ilifungwa na Waingereza. Basi Bockholt akatumwa kupita angani.

Merikebu yake, L 59, ilikuwa na urefu wa meta 226, nayo ilielea kwa hewa nyepesi. Hewa hiyo haikupatikana Afrika, kwa hiyo merikebu haikutazamiwa kurudi: ingefunguliwa vipande, na kitambaa chake kishonwe hema.

Tarehe 21 Novemba akaondoka Jamboli, katika nchi ya Bulgaria, pamoja na watu 21. Akavuka bahari, akapita jangwa la Misri, akafika Sudani. Huko, magharibi ya Khartoum, simu ya upepo ikamwamuru arudi, kwani mahali pa kushukia palikuwa pametwaliwa na adui. Akatii. Tarehe 25 akashuka Jamboli, baada ya saa 95 na mwendo wa maili 4,200 hivi. Siku ile ile jeshi alilotumwa kulisaidia lilivuka Ruvuma, likaingia nchi ya Wareno.

Toka Jamboli hata Namtumbo, kwa njia iliyonyoka ya angani, ni maili 3,700 hivi. Basi Bockholt alikwenda mwendo uliozidi huo, wala hakufika.

Tarehe 7 Aprili 1918 merikebu ile iliwaka moto juu ya bahari, karibu na Italia. Bockholt na wenzake wote wakafa.