Mwalimu Nyerere: Sala na Kazi ya Umma

Wako Wakristo wadhanio kwamba sala ni kazi ya kanisani, na siasa ni kazi ya watu wa dunia. Maisha ya Marehemu Julius Kambarage Nyerere yatufundisha vingine.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Chifu Burito, akabatizwa mwaka 1943. Alifundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, na baada ya masomo ya Edinburgh, shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Mwaka 1954 aliongoza kuundwa kwa TANU. Mwaka uliofuata, ilipombidi kuchagua kati ya ualimu na chama, aliuacha mshahara, akaenda kuwaunganisha watu. Uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961 pasipo vita.

Katika shughuli hizo zote hakuiacha Misa, aliyozoea kuihudhuria karibu kila siku. Mwaka 1970, huko New York, aliwaambia masista wa Maryknoll kwamba Kanisa lina wajibu wa kusimama pamoja na maskini na kuipinga mipango ya jamii iwafungayo katika ufukara.

Lakini nia njema peke yake haitoshi. Siku ya Noeli, mwaka 1971, huko Isimani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima Said Mwamwindi, wakati ujamaa ulipokuwa ukiingizwa katika mashamba ya watu. Jambo lililokusudiwa kuwa la hiari likageuzwa amri mwaka 1973, na wengi walihamishwa kwa nguvu. Mwaka 1977 Mwalimu aliyataja waziwazi mapungufu ya miaka kumi ya Azimio la Arusha.

Siku ya Mei Mosi, 1995, akiwa amekwisha kung'atuka, alisimama Mbeya mbele ya wafanyakazi, akakemea rushwa, ukabila na udini. Mwaka 1996 zilichapishwa tenzi zake za Injili. Akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na mwaka 2005 Jimbo la Musoma likaanza kuchunguza maisha yake ili atangazwe mwenye heri.

Hukumu hiyo tuliachie Kanisa. Sisi tunalo fungu letu. Jumuiya ikutanapo kusali Rozari, iulize pia ni nani jirani asiye na chakula, na ni nani aliyenyang'anywa shamba. Nayo ikitaka kuwakusanya watu, iwavute kwa neno na mfano, isiwaswage kama mifugo. Isimani yatukumbusha kwamba kiongozi amsikilizaye Mungu hana budi kumsikiliza na mkulima.