Rosalind Franklin: Haki ya Mtafiti
Rosalind Franklin alizaliwa London mwaka wa 1920, akatunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka wa 1945 kwa utafiti kuhusu makaa ya mawe. Mnamo 1952, katika King's College London, mwanafunzi wake wa uzamifu, Raymond Gosling, alipiga picha ya eksirei iliyodhihirisha jinsi DNA, hazina ya urithi, ilivyojipinda mithili ya parafujo. Vipimo vya Franklin viliwafaa James Watson na Francis Crick kuunda kielelezo chao cha 1953, ilhali hakuombwa idhini. Alifariki kwa saratani mwaka wa 1958, akiwa na umri wa miaka 37. Tuzo ya Nobel ya 1962 wakaipata Watson, Crick na Maurice Wilkins, aliyekuwa mwenzake King's. Nasi tuandikao tasnifu tukumbuke: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.