Solomon Fuller: Mwana wa mkulima wa kahawa aliyeusoma ubongo unaosahau

UKIPANDA matatu kutoka Githurai kuelekea Thika, tazama kando ya barabara ukifika Ruiru. Majumba ya kupangisha yameota kila pembe, lakini hapa na pale bado utaona mikahawa. Mji huu una jina katika kahawa: aina ya Ruiru 11 ilitoka kwenye kituo cha utafiti cha papa hapa mwaka wa 1985.

Leo nataka nikupe stori ya kijana mwingine aliyelelewa na pesa za kahawa, ila yeye alikuwa upande ule mwingine wa Afrika. Alihangaikia shida ambayo huenda iko sebuleni kwenu sasa hivi. Shosho anauliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa. Jana alipotea njia akitoka kanisani, njia aliyoipita miaka 30. Nyumbani mnasema ni uzee tu, na majirani wananong'ona kwamba amerogwa.

Jamaa huyu aliitwa Solomon Carter Fuller. Alizaliwa Monrovia, Liberia, Agosti 11, 1872. Babu yake alikuwa mtumwa kule Virginia, Marekani, akanunua uhuru wake mwenyewe kisha akavuka bahari na familia yake kwenda kuanza maisha mapya Liberia. Baba yake Solomon alikuwa mkulima wa kahawa na afisa wa serikali. Mama yake, binti wa wamishonari matabibu, alifungua shule akawafunza watoto wake pamoja na wa majirani.

Mwaka wa 1889, akiwa na miaka 17 hivi, Solomon alifunga safari kurudi nchi ile ile iliyomfunga babu yake. Alisoma Chuo cha Livingstone, North Carolina, kisha akasomea udaktari Boston na kufuzu mwaka wa 1897. Fikiria enzi zenyewe. Utumwa Marekani ulikuwa umekomeshwa miaka 32 tu iliyopita, na daktari mweusi alikuwa kitu cha kushangaza watu.

Kazi aliipata katika Hospitali ya Westborough, Massachusetts, iliyokuwa ya wagonjwa wa akili. Angekaa huko zaidi ya miaka 20. Shughuli yake kubwa ilikuwa maabara. Mgonjwa akifariki, Fuller aliuchunguza ubongo wake ili kuona kama kuna kitu kinachoeleza alichokuwa akiugua. Wakati huo wengi waliona wazimu ni laana, tabia mbaya au udhaifu wa roho. Yeye alishuku kwamba jibu lilikuwa ndani ya nyama yenyewe.

Ndipo mlango ukafunguka. Mwaka wa 1904 alichaguliwa kwenda Munich, Ujerumani, awe mmoja wa wasaidizi watano wa kigeni katika maabara ya Alois Alzheimer. Naam, ni huyo huyo ambaye jina lake sasa ni jina la ugonjwa, ingawa wakati ule ugonjwa wenyewe haukuwa na jina. Alzheimer alikuwa amekutana na mama mmoja, Auguste Deter, mjini Frankfurt mwaka wa 1901. Mama huyo alikuwa na miaka 51 tu, lakini alikuwa akisahau mambo ya kawaida kabisa.

Kwa Alzheimer, Fuller alijifunza ufundi wa subira: kukata ubongo vipande vyembamba mno, kuvitia rangi maalumu, kisha kukaa saa nyingi kwenye hadubini. Alirudi Marekani mwaka wa 1905. Auguste alifariki mwaka uliofuata, na Alzheimer alipoufungua ubongo wake alikuta vitu viwili: madoa nje ya seli, na ndani ya seli nyuzi zilizojisokota kama uzi uliovurugika.

Huku Westborough, Fuller naye hakulala. Mwaka wa 1907 alichapisha utafiti kuhusu nyuzi hizo za seli za ubongo. Mwaka wa 1911 akaandika kuhusu madoa yanayopatikana katika ubongo wa wazee. Mwaka wa 1912 akatoa kazi iliyompa nafasi katika historia: alikusanya visa vya ugonjwa huu vilivyokuwa vimeripotiwa, akavieleza kwa Kiingereza, na akaongeza cha mgonjwa wake mwenyewe. Madaktari wengi wasiojua Kijerumani waliuelewa ugonjwa huu kupitia kwake.

Hakukubali kuwa mtafsiri tu. Wakati huo wengi waliamini kwamba watu husahau kwa sababu mishipa ya damu kichwani imekuwa migumu. Fuller alilinganisha na alichokiona kwenye hadubini, akasema ushahidi hautoshi kuilaumu mishipa. Utafiti wa miaka mingi baadaye ulikuja kuonyesha kwamba Alzheimer ni ugonjwa wake wenyewe.

Usidhani kazi hiyo ilimletea heshima mtaani. Mwaka wa 1909 alimwoa Meta Warrick, mchongaji sanamu aliyekuwa amesomea Paris. Walipohamia Framingham, kuna majirani weupe waliopinga wasiishi hapo. Wao wakajenga, wakakaa, wakalea watoto watatu wa kiume. Mwaka uo huo Sigmund Freud alipokuja Marekani kutoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Clark, Fuller alikuwa miongoni mwa wasomi waliohudhuria.

Chuo Kikuu cha Boston kilimtumia kama mwalimu kwa miaka mingi. Kwa miaka mitano hivi aliongoza idara ya magonjwa ya neva bila kupewa cheo cha mkuu. Mwaka wa 1933 mwenzake mweupe, aliyekuwa chini yake, akapandishwa kuwa profesa kamili na kukabidhiwa idara. Fuller akaacha kazi hiyo. Kama umewahi kuvuja jasho kazini kisha cheo kikapewa mtu mwingine, unajua ladha yake.

Aliendelea kutibu wagonjwa kivyake. Nyumbani alipenda bustani na kujalidi vitabu. Kisukari kikamnyang'anya macho miaka ya 1940, mtu aliyeishi kwa kutazama. Alifariki Januari 16, 1953.

Sasa, kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu Fuller aliweza kuusoma ubongo baada ya mwenyewe kufa tu. Kumsaidia aliye hai hakuweza. Hapo ndipo watafiti wa kizazi chetu wanapojaribu kusonga mbele.

Mwaka wa 1985, ule ule wa Ruiru 11, Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba unaweza kuuamsha ubongo kwa sumaku bila kupasua kichwa. Koili ya waya huwekwa juu ya kichwa. Umeme ukipita humo kwa ghafla, unazaa nguvu ya sumaku inayopenya fuvu na kuamsha mkondo mdogo wa umeme katika seli za ubongo. Mgonjwa huwa macho, ameketi kwenye kiti. Njia nyingine hupitisha umeme hafifu wa betri kupitia vipande viwili vilivyobandikwa kichwani. Lengo ni kuzichangamsha seli ambazo bado hazijafa ili ziendelee kuwasiliana.

Marekani iliruhusu njia ya sumaku kutibu sonona, yaani huzuni kali inayodumu, mwaka wa 2008. Kwa Alzheimer bado ni suala la utafiti. Mwaka wa 2022 watafiti wa Roma, Italia, wakiongozwa na Giacomo Koch, walichapisha matokeo ya wagonjwa 50 waliofuatiliwa kwa wiki 24. Nusu walipata sumaku halisi, na wengine kifaa cha kuigiza. Waliopata sumaku halisi walibaki karibu pale pale walipoanzia, na wale wengine wakaendelea kudidimia. Ni habari njema, lakini watu 50 ni wachache, na hakuna aliyepona.

Kwa hivyo usikubali kuchezwa. Ukiona mtandaoni kofia ya umeme inayouzwa kwamba itamrudishia shosho kumbukumbu, funga mfuko. Sumaku hizi zinaweza kuchochea kifafa kwa baadhi ya watu, na aliye na chuma kichwani anaweza kuumia. Ni kazi ya daktari, si ya kujaribia kwenye kochi.

Unachoweza kufanya leo hakihitaji mashine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 57 duniani walikuwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu mwaka wa 2021, na zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Hapa Kenya, kule Kilifi na Kisii, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee anayetangatanga usiku na kuongea peke yake ni rahisi kusingiziwa.

Kama shosho ameanza kupotea njia, kuwasha jiko na kulisahau, au kukuita jina la mjomba aliyekufa, mpeleke akapimwe, iwe Ruiru au Thika. Si kila anayesahau ana Alzheimer. Kuna wanaosahau kwa sababu ya upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, au dawa anazomeza. Hayo yanatibika. Na ikiwa ni Alzheimer kweli, familia itajua inapambana na nini, na itaacha kumgombeza.

Ujumbe wa Fuller ulikuwa mwepesi: kuna ugonjwa hapa, na unaonekana ukitazama kwa makini. Umepita zaidi ya miaka 110 tangu auandike. Jioni hii, shosho akikuuliza tena kama umekula, mjibu kama ndiyo mara ya kwanza. Halafu kesho asubuhi mshike mkono mwende kliniki.